Chora Kinacholeta Njaa

Ndugu wasanii, walimu wa sanaa, na ninyi wenzetu wa mashirika ya misaada, asanteni kwa kufika.

Niseme hoja yangu mapema ili mnipime kwayo. Picha nyingi za umaskini huonyesha mwisho wa jambo: mtoto aliyekonda, mama aliyejiinamia, mkono uliokingwa. Mwanzo wake hauonekani. Bei iliyopanda, barabara iliyofungwa, mshahara uliokatwa, shamba lililochukuliwa, vyote vimebaki nje ya fremu. Mtazamaji aliyepewa mwisho tu hubaki na huruma, na huruma isiyojua chanzo hutoa mchango ikaondoka. Kazi yetu ni kukiingiza chanzo ndani ya picha. Ni kazi ngumu, kwa sababu njaa ina uso, bei haina.

Chukueni mfano wa Oktoba 1984. Mpigapicha Mkenya Mohamed Amin, akifuatana na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, alirekodi hali ya watu wa Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Picha zile zilizunguka dunia, zikafuatwa na Live Aid, tamasha la muziki la kuchangisha fedha, Julai 1985, na chakula kikawafikia watu ambao wangekufa. Hilo lisibezwe na mtu yeyote. Lakini tazameni kilichomo: alfajiri, vumbi, umati ulioketi chini, maiti zilizoviringishwa kwenye nguo. Aliyeziona alielewa kwamba mvua imekosekana. Vita vya serikali dhidi ya wapiganaji wa Tigray na Eritrea, vilivyokata biashara ya nafaka na kuwang'oa wakulima mashambani, havikuwa mle ndani. Kamera haikuweza kuviona kutoka pale iliposimama. Kwa hiyo dunia ililipigania tumbo dhidi ya jua, huku serikali ileile ikiwahamisha watu kwa nguvu kuelekea kusini-magharibi mwa nchi.

Hapo ndipo mchoraji ana nafasi ambayo mpigapicha hana. Kamera hunasa kilicho mbele yake. Penseli inaweza kuweka pamoja mambo yaliyotengana kwa maili nyingi na kwa miezi mingi.

Jacob Lawrence, Mmarekani mweusi, alilifanya hilo mwaka 1940 na 1941 katika mfululizo wa paneli 60, yaani vibao vilivyochorwa, kuhusu watu weusi waliohama kutoka kusini mwa Marekani kwenda miji ya kaskazini. Ukizipitia paneli zile unaona watu wenye mabegi na stesheni za treni, ndiyo, lakini pia unaona mdudu aliyeharibu pamba, mahakama zisizotenda haki, bei ya chakula iliyopanda kwa sababu ya vita, mawakala waliokuja kutafuta vibarua. Sababu zimepewa paneli zao wenyewe, sawa na watu. Namna alivyofanya kazi inafaa kuigwa na kila darasa. Aliandika maelezo kwanza, sentensi moja moja, kisha akachora. Paneli ni ndogo, sentimita 30 kwa 46 hivi. Kisha alipaka rangi moja kwenye paneli zote kabla ya kwenda kwenye rangi inayofuata, na ndiyo maana paneli 60 zinasomeka kama kitu kimoja.

Mkitaka kujaribu, anzeni na karatasi tupu na swali hili: nini kilitokea kabla? Andikeni sentensi 8 hadi 12, kila moja iwe na mtendaji na kitendo. "Kijiji kilikosa maji" haifai, maana haina mtendaji. "Mwenye pampu alipandisha bei ya maji" inafaa, maana ina mtu wa kuchorwa. Sentensi ikikosa mtendaji, mchoro wake utakuwa ardhi iliyopasuka, na ardhi iliyopasuka tumekwisha kuichora vya kutosha. Ukame upo kweli, wala sisemi usichorwe. Upewe paneli yake moja, si zote.

Kuhusu uso. Njaa ya mwaka 1943 ya Bengal, jimbo la India ya wakati wa ukoloni, ilichorwa na Zainul Abedin katika mitaa ya Calcutta kwa wino mweusi wa mkaa aliojitengenezea mwenyewe, kwenye karatasi rahisi ya kufungia bidhaa. Mistari ni michache na minene, nyuma hakuna mandhari. Uhaba wa vifaa uliingia ndani ya mchoro ukaupa nguvu. Mwenzake Chittaprosad alitembea vijijini, akatoa kijitabu chenye michoro pamoja na maelezo ya aliyoyaona, na utawala wa Kiingereza ukakikamata na kuteketeza nakala zipatazo 5,000. Aliyechora na kuandika ndiye aliyechomewa. Nawaomba mlitafakari hilo kila mtu anapowaambia kwamba picha nzuri haihitaji maneno.

Käthe Kollwitz wa Ujerumani alikwenda njia nyingine. Katika chapa yake ya mawe, yaani picha iliyochorwa kwenye jiwe kisha ikachapwa karatasini, ya mwaka 1924 iitwayo Mkate, mama ametugeuzia mgongo na watoto wawili wanamng'ang'ania. Machozi yake hatuyaoni. Tunaona mgongo uliopinda, na mzigo wote umehamia pale. Mwanafunzi anayezoea kuchora macho makubwa yenye machozi apewe zoezi hili: achore dhiki bila uso. Mgongo, viganja, namna mtu anavyokaa juu ya mzigo wake, viatu vilivyovaliwa upande mmoja. Atagundua haraka kwamba hajawahi kuutazama mwili wa mtu aliyechoka.

Kollwitz alichagua chapa pia kwa sababu hutoa nakala nyingi kwa gharama ndogo. Kwa vikundi visivyo na mashine, chapa ya linoliamu, ile nyenzo ya kutandika sakafuni inayochongeka, inatosha. Tumieni linoliamu ya unene wa milimita 3 hivi, chora kwa penseli, na geuza maandishi kama yaonekanavyo kwenye kioo kabla ya kukata. Kosa la herufi zisizogeuzwa ndilo la kwanza kutokea kila mahali, na halirekebishiki; ubao wote hutupwa. Chonga sehemu zitakazobaki nyeupe. Wino upakwe kwa rola, tabaka jembamba, mara kadhaa. Ukijaza wino mara moja, mistari myembamba huzibwa na uso hugeuka doa. Weka karatasi juu, sugua kwa mgongo wa kijiko ukianzia katikati kwenda pembeni, kisha inua kona moja uangalie kabla ya kuibandua yote.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naamini ina utajiri mkubwa kuliko zote na wasanii hawajaigusa vya kutosha: namba za misaada. Wafanyakazi wa dharura wana viwango vya chini vilivyokubaliwa, vilivyomo katika kitabu cha Sphere, ambacho toleo lake la nne lilitoka 2018. Vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250. Choo kimoja cha pamoja kihudumie watu wasiozidi 20. Maji yasiwe mbali zaidi ya mita 500 na nyumba. Katika kupanga mgao wa chakula hukadiriwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa afisa, hizi ni safu za jedwali. Kwa msanii, kila moja ni kitu kinachoweza kujengwa kwa ukubwa wake halisi.

Anzeni na nafasi. Familia ya watu watano hupata mita za mraba 17.5, yaani chumba cha mita 3.5 kwa 5. Pimeni sakafuni kwa tepu. Lakini tepu peke yake haifanyi kazi: watu huiruka na kuendelea na maongezi, kwa sababu mwili hauhisi ukuta. Ning'inizeni kitambaa kizito kutoka kimo cha mita 2 hadi chini pande zote nne, acheni mlango mmoja, na paa liwe turubai. Mita 2 ndicho kimo cha chini kabisa cha paa katika viwango hivyo, na kwenye joto hupendekezwa mita 2.6. Ndani wekeni mikeka mitano, sufuria, madumu, na nguo za watu watano. Waingie watu watano kwa wakati mmoja, wakae dakika kumi. Maandishi mlangoni yaseme jambo moja tu: hiki ndicho kiwango kinapofikiwa.

Sentensi hiyo ya mlangoni ina uzito. Kosa kubwa katika kazi za aina hii ni kukifanya kiwango cha chini kionekane kama lengo, kana kwamba aliyepata mita 3.5 amekwisha kusaidiwa. Kiwango ni mstari ambao chini yake afya na utu vinaanza kuharibika. Familia nyingi huishi chini ya mstari huo, na nyingine huishi juu yake kidogo kwa miaka mingi. Kazi yenu ionyeshe muda: wekeni kalenda ukutani, au nguo za mtoto yuleyule katika saizi tatu.

Maji yana hesabu nzuri zaidi. Kiwango cha bomba moja kwa watu 250 kinachukulia kwamba bomba linatoa lita 7.5 kwa dakika. Dumu la lita 20 basi hujaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Watu 250 kwa lita 15 kila mmoja ni lita 3,750, na bomba hilo linahitaji saa 8 na dakika 20 za kutiririka bila kusimama. Hapo pana kazi mbili za sanaa. Ya kwanza ni video ya dumu moja likijaa kwa muda wake halisi, bila kukatwa, mbele ya safu ya madumu 187. Kwa nini 187? Kwa sababu lita 3,750 ni madumu 187 na nusu, na nusu ile ichorwe ukutani. Ya pili ni njia. Familia ya watano inahitaji lita 75, yaani safari nne za dumu. Kama bomba liko mita 500, safari nne kwenda na kurudi ni kilomita 4, na katika hizo kilomita 2 mtu amebeba kilo 20. Kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 10, njia hiyo ni uzi wa mita 4 ukutani: mita 2 uzi mwembamba wa kwenda, mita 2 kamba nene ya kurudi. Mtu yeyote atausoma bila maelezo marefu. Kisha ulizeni kwenye lebo nani ndani ya nyumba hubeba, na ni saa ngapi za shule zinazopotea pale.

Chakula vilevile. Mgao unaofikia kilokalori 2,100 unaweza kuwa gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde, gramu 25 za mafuta, gramu 50 za unga uliorutubishwa, gramu 15 za sukari na gramu 5 za chumvi. Pimeni kwa mizani, mpange juu ya kitambaa cheupe, mpige picha kutoka juu. Picha hiyo peke yake ni nzuri na haisemi lolote. Sasa wekeni kando yake kila kitu ambacho mgao huo unadai na haujaleta: kuni au mkaa, ada ya kusagisha nafaka, sabuni, kitunguu, ada ya mtoto, nauli ya kwenda kliniki. Mara moja inaonekana kwa nini familia huuza sehemu ya mgao wake. Mtu anayeona msaada unauzwa sokoni huwaita wapokeaji wadanganyifu. Picha mbili hizi zikiwekwa sambamba zinamjibu bila ugomvi.

Mpigapicha Stefen Chow na mchumi Huiyi Lin, tangu mwaka 2010, wamekuwa wakipiga picha za chakula ambacho mtu aliye kwenye mstari wa umaskini wa nchi fulani, yaani kiwango ambacho chini yake mtu huhesabiwa maskini, anaweza kununua kwa siku moja. Chakula huwekwa juu ya gazeti la nchi hiyo, mwanga na kipimo ni vilevile kila mara. Hakuna mtu ndani ya picha, na bado umaskini umeonekana kwa usahihi kuliko katika nyuso nyingi. Mkifanya jaribio kama hilo, kuweni makini na dola. Mstari wa Benki ya Dunia, uliopandishwa Juni 2025 kuwa dola 3 kwa siku, unahesabiwa kwa uwezo wa kununua, yaani kile ambacho dola 3 zingenunua Marekani mwaka 2021. Haubadilishwi kwa bei ya dirisha la kubadilishia fedha. Anayebandika noti tatu kwenye turubai tayari amekosea hesabu, na mchumi wa kwanza atakayepita ataibomoa kazi yote.

Kosa jingine la hesabu hutokea kwenye mabango. Mtu anataka kuonyesha kwamba idadi ya wakimbizi imeongezeka mara mbili, anachora mtu mmoja mfupi na mwingine mwenye kimo mara mbili. Ukirefusha kimo mara mbili, upana nao huongezeka mara mbili, na eneo linakuwa mara nne. Jicho husoma eneo. Umesema uongo bila kukusudia. Otto Neurath na mchoraji Gerd Arntz, walioendeleza lugha ya alama huko Vienna katika miaka ya 1920, waliweka kanuni iliyo rahisi: kingi zaidi kionyeshwe kwa alama nyingi zaidi za ukubwa uleule. Alama moja iwakilishe watu 1,000, mseme hivyo kwenye bango, na msibadilishe katikati.

Na alama moja msiitumie kabisa: msalaba mwekundu juu ya weupe. Wengi huuchora kumaanisha msaada au hospitali. Alama hiyo, pamoja na hilali nyekundu, inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 na sheria za nchi nyingi, kwa sababu kwenye vita ndiyo inayowaambia wenye silaha wasifyatue. Ikisambaa kwenye mabango na fulana, maana yake hupungua pale inapohitajika kuokoa roho za watu. Chora dumu, chora bendeji, chora mtu amembeba mwenzake.

Kuhusu kuchora ukutani nitapita haraka, maana mafundi mko hapa. Lipu mpya ya saruji isubiri siku 28 hivi, la sivyo alkali yake itatia rangi mabaka. Ukiona unga mweupe wa chumvi, uondoe kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unarudi ndani ya ukuta na kutoka tena chini ya rangi yako. Ukuta unaonyonya unyevu kutoka chini usipakwe chochote mpaka unyevu uzibwe. Mchoro wa sentimita 40 kwa 60 wenye miraba ya sentimita 5 hupanda kwenye ukuta wa mita 4 kwa 6 kwa miraba 96 ya sentimita 50. Lita moja ya rangi hufunika mita za mraba 8 hadi 10 za ukuta laini, kwa hiyo mita za mraba 24 zenu zinataka lita 3 kwa mkono mmoja, lita 6 kwa miwili, na nusu ya kiasi hicho zaidi kama ukuta si laini. Maandishi yatakayosomwa na mpita njia akiwa mita 10 yawe na kimo cha sentimita 8 au zaidi.

Msanii Mfaransa JR, mwaka 2009, alifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha za nyuso na macho ya wanawake. Zilichapwa kwenye nyenzo isiyopitisha maji, kwa hiyo paa lililokuwa linavuja likapata kifuniko. Hilo nalipenda kuliko hata ukubwa wake: mwenye nyumba alipata kitu siku ileile ambayo mtazamaji alipata picha.

Sasa ridhaa. Mwaka 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja mchuma njegere pamoja na watoto wake, na ikawa picha maarufu kuliko zote za miaka ile ya dhiki. Jina lake hakuliandika. Baada ya picha kutoka gazetini, chakula kilipelekwa kambini, lakini familia ile ilikuwa imekwisha kuondoka. Ilichukua hadi 1978 dunia kujua kwamba aliitwa Florence Owens Thompson. Mwenye uso hakupata kitu kwa uso wake.

Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zinasema katika kipengele cha kumi kwamba walioathirika waonyeshwe kama binadamu wenye heshima, na si vitu visivyo na matumaini. Kwa vitendo, msiombe ruhusa kwenye foleni ya mgao. Pale mtu anaamini kwamba akikataa atarukwa, kwa hiyo "ndiyo" yake si ridhaa. Ombeni siku nyingine, mahali pengine, kwa lugha yake, na mwoneshe mfano wa bango ili aone uso wake utafika wapi. Mweleze muda wa matumizi, na jinsi ya kujitoa baadaye. Mtoto aulizwe yeye mwenyewe pamoja na mlezi wake. Mwulize kama anataka jina lake liandikwe. Wapo wanaotaka, na wapo ambao jina litawahatarisha. Mafaili ya picha za simu hubeba taarifa za mahali zilipopigwa; taarifa hizo zifutwe kabla ya kutuma picha popote.

Kabla ya kuchapa, onyesheni rasimu kwa watu kumi ambao hawakuhusika, na angalau wengine watano wanaoishi maisha yaliyochorwa. Msiwaulize kama ni nzuri. Waulizeni: nani ana uwezo hapa? Nini kilitokea kabla? Nani anaweza kukibadilisha? Wengi wakijibu swali la pili kwa "sijui" au kwa "Mungu", chanzo hakijaingia kwenye fremu, na kazi irudi mezani.

Mwisho, fedha. Vik Muniz wa Brazili alifanya kazi na waokota taka wa Jardim Gramacho, dampo la karibu na Rio de Janeiro, wakaunda picha zao wenyewe kwa taka zilezile walizokuwa wakiokota. Moja, ya kiongozi wao Tião Santos, iliuzwa mnadani London na fedha zikaenda kwenye chama chao. Mpango wa namna hiyo uandikwe kabla ya brashi ya kwanza: asilimia ngapi, inalipwa kwa nani na lini, nani anashika kazi halisi, nani anaweza kukataa isionyeshwe mahali fulani, na ukuta utapakwa upya na nani ukishapauka. Karatasi moja, lugha ya wenyewe, sahihi pande zote, kila upande nakala yake.

Asanteni. Walio na michoro wailete mbele, tuipitie kwa maswali yale matatu.